Mawindo, Mvuo na Sadaka katika Milima ya Upare

Asimamaye juu ya milima ya Upare ya Kusini, akaelekeza uso wake mashariki, huona chini yake uwanda mpana wa miiba uendao mpaka Kenya. Uwanda huo ni Mkomazi. Yasemwa kuwa jina lake lina maneno mawili ya Kipare, mko, yaani kijiko cha kutekea, na mazi, yaani maji. Ni nchi ambayo maji yake hayazidi kijiko kimoja. Mlimani kuna mvua, migomba na mifereji. Uwandani kuna kiu. Lakini uwanda ule wa kiu ndio uliokuwa na nyama, na mlima ule wa mvua umepata kuona njaa mara nyingi. Haja yangu hapa ni kutazama jinsi Wakristo wa milima ya Upare, iwe Kighare, Mbaga au Gonja, walivyolisha wenye njaa wa kwao, na kwa nini sadaka yao ilitoka shambani na majini, isitoke mwituni.

Wapare hawakusifiwa kuwa wawindaji kama walivyosifiwa Wakamba, ambao baadhi yao walifika na kukaa katika nchi hizi. Wao walikuwa wakulima na wafugaji, na katika Ugweno wahunzi wa ukoo wa Washana walifua chuma kilichotafutwa hata na Wachaga. Hata hivyo upinde haukukosa nyumbani, wala sumu ya msunguti haikuwa kitu kigeni. Mnyama mkubwa alipoanguka hakuwa wa mtu mmoja. Pofu dume huweza kufikia kilo 700. Hakuna nyumba iwezayo kumla kabla hajaoza katika joto la uwandani, wala hakuna mtu awezaye kumpandisha mlimani peke yake. Basi ugawaji ulitokana na uzito wa nyama kabla haujatokana na wema wa moyo. Sioni aibu kulisema hilo, maana desturi njema nyingi zilianza kwa kulazimika.

Kisha ikaja miaka mibaya. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika ya Mashariki kutoka kaskazini, ulipita mwaka 1891 ukaua mifugo kwa maelfu. Jambo linalosahauliwa ni kwamba haukuchagua kati ya mnyama wa zizini na wa porini. Nyati na pofu walikufa pamoja na ng'ombe. Nzige walifuata katika mwaka 1894 na baada yake, kisha mvua zikakosekana mwishoni mwa karne, na ndui ikawamaliza wengi waliodhoofika. Katika njaa hiyo kubwa ya kuelekea mwaka 1900, mtu wa Upare aliyekimbilia uwandani na upinde wake alikuta ghala tupu.

Na ghala ile, hata ilipokuwa tupu, ilikuwa imekwisha kutiwa kufuli. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuhifadhi wanyama katika koloni la Wadachi, akaweka cheti cha kuwindia chenye kulipiwa, na akatenga nchi mbili za hifadhi, moja magharibi ya Kilimanjaro na moja Rufiji. Waingereza walipotawala waliendeleza njia hiyo kwa sheria za mwaka 1921, 1940 na 1951. Mashimo, nyavu na mishale ya sumu, zana za mtu asiye na bunduki, zilikatazwa. Bunduki yenye cheti iliruhusiwa. Mtu aliyeitwa mwindaji jana aliitwa mwizi leo, hali mkono wake ulikuwa ule ule na mnyama yule yule.

Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Shigatini, Upare ya Kaskazini, mwaka 1900, na Wasabato walianza kazi Upare ya Kusini mwaka 1903. Ukitazama tarehe hizo pamoja na ile ya Wissmann, utaona kuwa Ukristo uliingia Upare baada ya sheria ya wanyama. Kanisa la Upare halikupata kumjua mwindaji akiwa mtu huru. Lilimjua mkulima, na utoaji wake ukachukua sura ya ukulima: debe la mahindi, mkungu wa ndizi, jogoo, mayai. Katika sharika za Kilutheri vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, na fedha yake huingia katika kazi za usharika, ikiwamo ya kusaidia wajane na wagonjwa. Atoaye jogoo huweza kumnunua mwenyewe kwa bei kubwa, kisha akamrudisha anadiwe tena.

Sasa fikiri kuhusu paja la swala katika mnada ule. Haliwezi kuwekwa mezani. Aliyelileta ataulizwa cheti, na aliyelinunua ataulizwa vilevile. Mtu aweza kusema kuwa Injili yenyewe imeamuru sadaka itolewe kwa siri. Ni kweli, lakini siri ya unyenyekevu si siri ya hofu. Mwenye siri ya kwanza huficha jina lake ili kipawa kimfikie asiye na haki juu yake. Mwenye siri ya pili huficha kipawa chenyewe, nacho huishia kwa ndugu na jirani aaminiwaye. Nyama inayopandishwa mlimani usiku haimfikii mjane asiye na ukoo, kwa kuwa hakuna ajuaye kama atanyamaza. Hapo ndipo naona hasara kubwa ya mambo haya, ambayo haikuandikwa katika hesabu ya serikali yoyote.

Haki yataka nitaje upande wa pili. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, na hata chini ya ulinzi huo faru wake walitoweka katika miaka ya 1980, kwa bunduki za watu waliotaka pembe na ambao hawakumlisha mtu. Mwaka 1997 ilibidi faru waletwe tena kutoka Afrika ya Kusini, na mwaka 2008 pori lilipewa daraja la hifadhi ya taifa. Lingeachwa wazi, huenda leo tusingekuwa na cha kubishania. Tena afisa wa wanyama, aliyeitwa Bwana Nyama na wananchi, alikuwa na kazi ya kuua tembo walioharibu mashamba, na mara nyingi katika Tanganyika nyama ya tembo wale iliachiwa wanakijiji. Ni kichekesho cha historia kwamba aliyemnyang'anya maskini upinde ndiye aliyemletea mlima wa nyama kwa mchana mmoja, tena hadharani.

Maji yalikuwa na habari nyingine. Upare ya Kaskazini ina Ziwa Jipe miguuni pake, na maji ya ziwa hilo huingia Mto Ruvu. Mto huo ulizuiwa kwa bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960, likaitwa Nyumba ya Mungu. Perege waliongezeka humo upesi mno, na wavuvi walikusanyika kutoka mikoa mingi. Samaki wa kubanikwa na wa kukaushwa wakapanda milimani kwa mafungu. Neema ya kwanza haikudumu, kwa sababu nyavu za macho madogo zilikomba hata wachanga, na mavuno yakapungua katika miaka ya 1970. Lakini samaki alikuwa na sifa moja ambayo swala hana: aliweza kubebwa barabarani. Leseni ya uvuvi haikuwa cheti cha matajiri, na fungu la perege liliweza kuwekwa mezani pa mnada kando ya mkungu wa ndizi.

Kuna mpaka mwingine ambao dola haikuuweka. Wasabato, walio wengi Upare ya Kusini, hufuata sheria ya vyakula ya Mambo ya Walawi mlango wa 11: perege mwenye magamba ni halali, kambale asiye na magamba si halali. Nguruwe mwitu, adui wa kila shamba la mahindi, haliwi na Msabato wala na Mwislamu, na hawa wawili ni sehemu kubwa ya watu wa milima. Atakaye kuwalisha majirani wote wa kijiji cha Upare hana budi kujua kwanza nani hula nini, na Mwislamu ataka kujua pia nani alichinja.

Katika Marekani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1997 Rick Wilson alianzisha Maryland chama cha wakulima na wawindaji wenye kulisha wenye njaa: mwindaji mwenye leseni hupeleka paa wake kwa mchinjaji, chama hulipia ukataji, na nyama huenda katika maghala ya chakula na majiko ya hisani. Huko pia kuuza nyama ya mwitu aliyewindwa kumekatazwa. Kutoa kumeachwa wazi.

Tanzania ilitoa kanuni za kuuza nyamapori mwaka 2020, na mabucha yenye kibali yakafunguliwa baadhi ya miji. Basi nyama ya mwitu yapatikana tena mchana, kwa kilo na kwa bei, na mwenye fedha huinunua pasipo kutazama nyuma. Mjane wa mlimani, aliyekuwa hapati kwa hofu ya watu, sasa hapati kwa kukosa fedha. Na Jumapili, nje ya kanisa, mezani pa mnada pangali na mahindi, jogoo, na mara nyingine fungu la perege.