Pikipiki Kuukuu na Maisha ya Mjini

Utamaduni wa taifa utajwapo, mawazo ya watu aghalabu huenda kwenye ngoma, mavazi, vyakula, methali na vinyago vya mpingo. Ni nadra mtu kukumbuka chombo kilichotoka kiwandani ng'ambo. Hata hivyo, chombo ambacho watu wamekipa jina lao wenyewe, wakakiwekea adabu ya kukitumia na adabu ya kukiuza, kisha wakakitegemea kwa riziki yao, kimekwisha ingia katika utamaduni huo. Pikipiki ni chombo cha namna hiyo. Hebu tulitazame jina lake. Baiskeli, motokaa na treni ni maneno tuliyoyapokea kutoka kwa wageni tukayavika vazi la Kiswahili. Lakini pikipiki ni mlio. Masikio ya wazee wetu yaliisikia injini ikisema, na jina likazaliwa papo hapo. Wazungu waliokibuni chombo hicho hawakuchangia hata herufi moja.

Katika insha hii sikusudii kueleza habari za pikipiki mpya ya dukani. Nakusudia pikipiki kuukuu, ile iliyokwisha pita mkono mmoja, miwili au mitano, kwa sababu huyo ndiye mgeni aliyefika hasa mitaani kwetu. Duka liliileta pikipiki nchini, lakini mtu wa mshahara mdogo aliipata pale mwenye nayo wa kwanza alipohitaji fedha.

Mwaka 1885, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli, ambacho wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza. Haikuchukua muda mrefu chombo hicho kuonekana katika nchi yetu, nacho kilionekana pia kwa sura ya vita: majeshi ya Jenerali Smuts yaliyoingia mwaka 1916 kupigana na Wajerumani yalikuwa na kikosi cha askari wa pikipiki kutoka Afrika ya Kusini. Baada ya vita, pikipiki ilikuwa mali ya maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisheni, na wafanyabiashara wachache. Mwafrika wa mjini aliyejaliwa alikuwa na baiskeli; wengine walikwenda kwa miguu.

Mabadiliko makubwa yalitoka Italia. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio, iliyokuwa ikitengeneza ndege, ilitoa skuta iliyoitwa Vespa, yaani nyigu. Aliyeichora ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za kawaida. Chuki yake ilitufaa sana. Aliifunika injini ili isimchafue mpandaji, akaweka ngao mbele ya miguu, gia akazileta mkononi, na katikati akaacha nafasi tupu badala ya tangi la petroli. Msomaji wa leo anaweza kuyaona hayo kuwa mambo madogo. Lakini fikiria karani wa miaka ya 1960 aliyevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, naye anatakiwa afike ofisini hana doa. Fikiria pia mzee wa Unguja aliyevaa kanzu. Mtu wa kanzu hawezi kulitandaza guu lake juu ya tangi bila kujivunjia heshima, ila kwenye Vespa huketi kama aliyeketi barazani. Sina shaka kwamba nafasi ile tupu ya D'Ascanio ndiyo sababu mojawapo ya mapenzi makubwa ambayo watu wa Zanzibar wameionyesha Vespa hadi hivi leo.

Wajapani nao walifuata njia hiyo hiyo ya kumwondolea mpandaji taabu. Honda Super Cub ya mwaka 1958 haikuwa na klachi ya kubana kwa mkono, na umbo lake liliruhusu mtu yeyote kupanda bila kurusha mguu. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 za ukoo huo. Uhindi ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Waitaliano, na leseni ilipokwisha mwaka 1971, kampuni ya Bajaj ikatoa skuta yake yenyewe iliyoitwa Chetak, jina la farasi wa mfalme shujaa katika historia yao. Jina la kampuni hiyo tunalo vinywani kila siku tunapoita bajaji, ingawa sasa tunamaanisha chombo cha magurudumu matatu.

Tugeukie Dar es Salaam. Baada ya Uhuru mji ulitanuka upesi kuliko usafiri wake. Wafanyakazi walikaa Magomeni, Kinondoni, Temeke na Ilala, na kazi nyingi zilikuwa katikati ya mji na bandarini. Shirika la usafiri la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilizaliwa wakati mgumu: bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia, ikapanda tena mwaka 1979, na katikati ya hayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na vita dhidi ya Idi Amin vikafuata. Fedha za kigeni zilikauka. Mabasi yaliharibika yakakosa vipuri. Petroli ilibanwa hata magari ya watu binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Watu walijipanga kituoni tangu alfajiri, na mlango wa basi ulipofunguliwa, mstari ulisahaulika.

Katika hali hiyo, mtu mwenye pikipiki alikuwa kama mtu aliyeongezewa saa katika siku yake. Galoni moja ya petroli ilimfikisha mbali kuliko mwenye gari. Aliweza kutoka Magomeni, akavuka bonde la Msimbazi, akafika Mnazi Mmoja wakati jirani yake angali kituoni. Lakini yafaa tuseme ukweli kwamba hesabu ya petroli haitoshi kueleza mapenzi ya watu kwa pikipiki. Mtu aliye ndani ya basi huvushwa mji. Mwenye pikipiki huupita mji kwa ngozi yake. Akivuka Daraja la Salenda jioni, hujua maji yamekupwa au yamejaa kwa harufu tu, kabla hajageuza shingo. Akikatiza Kariakoo husikia karafuu na dagaa katika pumzi moja. Huona mvua ikija kutoka baharini, akajua ana dakika ngapi za kutafuta kibaraza. Kijana aliyekuwa akiamrishwa nyumbani na ofisini alikuwa na nusu saa kila siku asiyoamrishwa na mtu, isipokuwa askari wa barabarani. Nami nadhani nusu saa hiyo ndiyo iliyowafanya watu waifute Vespa kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kujifuta wenyewe.

Hapo ndipo soko la pikipiki kuukuu lilipopata nguvu. Pikipiki mpya zilihitaji kibali cha fedha za kigeni, na vibali vilianza na idara, mashirika ya umma na miradi ya maendeleo. Bwana shamba na bwana afya walipewa pikipiki za kazi. Zilipochakaa zilifutwa katika daftari la mali ya serikali na kuuzwa kwa mnada. Nyingine ziliuzwa na watumishi waliohamishwa mikoa, au waliostaafu. Kwa kuwa waliotaka walikuwa wengi na vyombo vilikuwa vichache, kanuni ya kawaida kwamba kitu kikitumika hushuka bei haikufuatwa. Aliyenunua Vespa akaitunza miaka mitano aliweza kuiuza kwa shilingi zile zile alizotoa, au zaidi. Ni kweli kwamba thamani ya shilingi yenyewe ilikuwa ikipungua, lakini hiyo ilikuwa sababu nyingine ya kuweka akiba katika chuma badala ya noti. Katika mtaa tuliolelewa, jirani yetu mmoja aliuza Vespa yake ili amlipie binti yake gharama za masomo. Kwa miezi kadhaa baadaye, ikipita barabarani, alikuwa akiutambua mlio wake akiwa ndani, akasema, "Huyo hajaisafisha plagi."

Uuzaji wenyewe una elimu yake, ambayo haikuwahi kufundishwa darasani. Mnunuzi mjuzi hufika asubuhi na mapema, akaigusa injini kwa kiganja kabla ya salamu kwisha. Akikuta ina joto, hujua kwamba muuzaji ameiamsha mapema ili isimwaibishe wakati wa kupigwa kiki. Injini ikikubali, hutazama moshi. Katika pikipiki ambayo oili hukaa mahali pake, moshi wa rangi ya samawati usiokoma ni dalili kwamba ringi za pistoni zimelika na oili inaungua. Katika Vespa za zamani, ambazo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, moshi kidogo si kosa, ila ukizidi kama wa tanuri ya chokaa, bei ishuke. Kisha huinuliwa gurudumu la mbele likatikiswa kusikiliza beringi, ikakaguliwa fremu kama imewahi kuchomelewa, na mwisho namba ya injini na ya fremu zikasomwa pamoja na zile za kwenye kadi. Hatua hii ya mwisho wengi huiharakisha, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyoirithi tangu 1931 inashikilia kwa kawaida kwamba mtu asiye mwenye mali hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Aliyenunua pikipiki ya wizi hubaki na hasara yake, hata kama alikuwa mwema kiasi gani.

Fedha zilihesabiwa mbele ya mashahidi, aghalabu mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na karatasi ya mauziano ikaandikwa kwa mkono. Watu wengi waliishia hapo. Sheria ya mwaka 1972 ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari ilitaka jina la mwenye chombo libadilishwe kwa malipo, lakini malipo yalionekana mazito, na karatasi ya mjumbe ilionekana inatosha. Kwa hiyo pikipiki moja ilipita kwa wenyewe wanne huku kadi ikiendelea kumtaja wa kwanza. Mtu aliyekwisha sahau rangi ya pikipiki yake aligongewa mlango na askari kwa sababu ya ajali iliyotokea wilaya nyingine. Katika jambo hili watu wetu walitumia mila ya kuaminiana mahali palipohitaji daftari, na daftari likawashinda.

Milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, pale wenye fedha za kigeni walioziweka nje waliporuhusiwa kuleta bidhaa. Pikipiki za bei nafuu kutoka Uchina na Uhindi ziliingia kwa wingi katika miaka ya 2000. Wakati huo huo kazi ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli za kuvusha watu na mizigo mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, ilikuwa imekwisha panda juu ya pikipiki na kuenea. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria mwaka 2010. Hapo maana ya kuuza pikipiki kuukuu ilibadilika kabisa.

Utaratibu mpya unaitwa mkataba. Mwenye fedha hununua pikipiki mpya, humkabidhi kijana, na kijana hupeleka hesabu kila siku. Katika miaka ya 2010 hesabu ya shilingi 7,000 au zaidi ilikuwa jambo la kawaida Dar es Salaam. Baada ya muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, pikipiki huwa mali ya kijana. Ukitazama vizuri, haya ni mauzo ya pikipiki kuukuu ambayo bei yake hulipwa wakati pikipiki ingali mpya. Kijana huichakaza kwa ajili ya kuilipia, na siku anayokabidhiwa kadi, cheni imelegea, ringi zimechoka, na yeye mwenyewe amekwisha lala chini ya mwaka mzima wa jua na moshi. Tena, kwa kuwa hesabu hailali hata mvua ikinyesha, hukimbia. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea wengi wa aina yake, pamoja na abiria wao. Sisemi mkataba ni dhuluma moja kwa moja, maana benki ingemfukuza kijana huyo mlangoni, na wapo waliotoka kwenye mkataba wakanunua ya pili kisha wakampa mdogo wao. Ila katika hesabu ile haikupangwa siku ya matengenezo, wala siku ya homa, na anayeilipa siku hizo kwa mwili wake ni mmoja tu.

Yule karani wa miaka ya 1970 aliipanda pikipiki ili afike kazini. Kwa kijana huyu pikipiki ndiyo kazi. Hata hivyo, ukimkuta kijiweni saa kumi na moja alfajiri, kabla abiria hawajaamka, utamwona anafuta tangi kwa kitambaa na kufunga kishada kwenye kioo, kama walivyofanya wale wa zamani.

Unguja mambo yamekwenda polepole zaidi. Vespa zilizotoka viwandani kabla vijana wanaozipanda hawajazaliwa zingali zinapita kando ya Mji Mkongwe, gurudumu la akiba nyuma, ngao ya mbele ikiwa imepakwa rangi mara ya sita au ya saba. Fundi wa mtaani hupika kipuri alichokikosa, au hukitoa katika chombo kilichokufa. Zikiuzwa, muuzaji huwataja wenyewe wote waliotangulia, kwa majina na mitaa yao: ilikuwa ya mwalimu fulani wa Kikwajuni, kisha ya muuza samaki wa Malindi, kisha ya marehemu kaka yake. Mnunuzi husikiliza hadi mwisho, ndipo anapouliza bei.