Povu Linakoishia



Juma hili nawaalika tutafakari historia ya jambo linaloonekana dogo: maji ya kufulia.

Wazee wa Uchagani walichimba mifongo ili kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani, na wageni waliofika karne ya 19 waliistaajabia kazi hiyo. Maji yaligawanywa kwa zamu, na mfongo ulitengenezwa kwa nguvu za wote. Aliyeishi juu alimfahamu aliyeishi chini yake. Tena sabuni ya kale, iliyotokana na mafuta na majivu, huozeshwa upesi na vijidudu vya majini.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilipungukiwa mafuta, wakemia wake wakabuni sabuni zisizoyahitaji. Baada ya mwaka 1945 sabuni za unga zitokanazo na petroli zikaenea duniani. Zilitakatisha vema, lakini vijidudu havikuweza kuzivunja, na mito ya Ulaya ikafunikwa na povu. Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilitunga sheria, iliyoanza kutumika 1964, ikidai sabuni zinazooza. Povu likapungua.

Hata hivyo, madhara hayakwisha. Fosfati, iliyotiwa katika sabuni ili kulainisha maji, haikuonekana kwa macho. Mwaka 1973 wanasayansi nchini Kanada waligawa Ziwa 226 kwa pazia. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na nitrojeni, lakini mmoja tu ukaongezewa fosforasi. Upande huo ukageuka kijani kwa mwani. Mwani unapokufa na kuoza humaliza oksijeni, na samaki hukosa pumzi. Nazo kemikali za kutakatisha zenyewe, zikizidi majini, hudhuru matamvua ambayo kwayo samaki huvuta pumzi.

Turudi kwetu. Maji ya Karanga na Weruweru huingia mto Kikuletwa; ya Rau huelekea Ruvu. Yote hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambako familia nyingi huishi kwa uvuvi. Bonde hili la Pangani ndilo asili ya perege aitwaye kitaalamu Oreochromis jipe, asiye na asili kwingine duniani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka mita 60 za hifadhi kandokando ya mito. Lakini sheria haiwezi kusimama penye kila jiwe la kufulia.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alizitaja sabuni za kemikali waziwazi miongoni mwa vitu vinavyochafua mito, maziwa na bahari. Hivyo jambo hili ni la dhamiri pia. Tunapochunguza dhamiri hujiuliza kama tumemwibia jirani. Je, yule mvuvi wa Nyumba ya Mungu, ambaye hatumjui kwa jina, si jirani yetu? Wazee walimwona aliye chini ya mfongo. Sisi mfongo wetu umerefuka, naye ametutoka machoni.

Basi tuchote maji na kufulia mbali na mto, tupime sabuni kwa kiasi, na maji machafu tuyamwage shimoni, udongo uyachuje. Ni sadaka ndogo, lakini yule wa chini ataipokea.