Safu ya Lugha: Jaji si hakimu

Baadhi ya taarifa za kesi za Machakos humwita jaji kila anayetoa hukumu. Si sawa. Jaji huketi Mahakama Kuu, zilizo sawa nayo au za juu yake. Anayesikiliza kesi ya wizi wa mbuzi katika mahakama ya chini ni hakimu. "Hakimu" lina asili ya Kiarabu. "Jaji" tumelitoa kwa Kiingereza, nacho kililipata kwa Kifaransa, lugha iliyotawala mahakama za Uingereza baada ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, hata sheria ya 1362 ikabidi iagize kesi ziendeshwe kwa Kiingereza. Korti na jela yametoka huko huko. Atakayedai kwamba hakimu ni yeyote anayehukumu ana haki kiasili. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 imewatenganisha, na anayepinga uamuzi wa hakimu hukata rufaa kwa jaji.