Sisi Ngapi? Ujazo wa Silinda na Pikipiki ya Kwanza

Kijiweni pikipiki mpya haiulizwi rangi. Huulizwa "sisi ngapi?", na jibu ni namba tupu: mia, mia na ishirini na tano, mia na hamsini. Hiyo "sisi" haina uhusiano na mimi na wewe. Ni herufi mbili, cc, zilizotamkwa kwa Kiingereza zikahamia Kiswahilini, na maana yake ni sentimita za ujazo.

Ujazo wa nini, lakini? Wanaosema "ukubwa wa injini" humfanya msikilizaji afikirie lile bonge la chuma lililo chini ya tangi, ambalo kipimo hiki hakilihusu. "Ujazo wa injini" ni afadhali, ila kwa dereva anayebadilisha oili mara kwa mara, maneno hayo yanaweza kumaanisha oili inayoingia humo. Istilahi isiyopotosha ni "ujazo wa silinda": nafasi inayopitiwa na pistoni ikishuka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Silinda zikiwa mbili, hujumlishwa.

Hesabu yake ni ya sekondari. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na injini yake ikaigwa sana na viwanda vya China, ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Zidisha eneo la duara hilo kwa safari hiyo, unapata sentimita za ujazo 124.1. Namba ya ubavuni, basi, imekadiriwa kwenda juu. Boxer 150 nayo ina 144.8 tu, na hakuna aliyewahi kudai chenji.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba sisi ndizo nguvu. Royal Enfield Classic 350 ina sisi 349 na nguvu za farasi 20 hivi. KTM 390 Duke ya sisi 373, tofauti ya 24 tu, imetoa zaidi ya 40. Ujazo husema kikombe ni kikubwa kiasi gani. Hausemi kinachotwa mara ngapi kwa dakika. Enfield hufikia kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 6,000 hivi kwa dakika, KTM kwenye 9,000.

Sheria za Umoja wa Ulaya zimeliona hilo. Leseni ya awali ya A1 hutaja sisi 125, lakini huongeza kikomo cha kilowati 11. Ile inayofuata, A2, huweka kilowati 35 na haitaji sisi hata moja.

Kwa anayenunua ya kwanza, 100 au 125 zinatosha kujifunzia. Honda Super Cub ilianza mwaka 1958 na sisi 49, na kufikia 2017 familia yake ilikuwa imepita pikipiki milioni 100. La kupima dukani ni uzito, breki na kimo cha kiti. Panda, simama wima, uone kama nyayo zote mbili zinakanyaga chini na kama unaweza kuisukuma kinyumenyume bila kuomba msaada.

"Sisi" ibaki kijiweni, imeshazoeleka. Vitabu vya mafundi viandike ujazo wa silinda.