Umeme Katika Ndege Ndogo: Tangu Mto Rufiji Hata Leo

Jioni hii twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la wenye ndege peke yao, nalo ni umeme ulio ndani ya ndege ndogo: uliingiaje, hufanya kazi gani, na fundi hushika njia gani unapoharibika. Sisi wa Dar es Salaam, hasa wa upande wa Msimbazi, hatuwezi kusema kuwa habari hii ni ya ugenini. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowekwa hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwezi wa Septemba 1916. Na katika vita hiyohiyo ndipo ndege ziliposhika kazi katika pwani yetu.

Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Wadachi, jina lake Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika vijito vya mlango wa Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza wakamwajiri rubani raia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege ya Curtiss iwezayo kutua majini. Mwezi wa Novemba akaruka kutoka kisiwa cha Niororo, akaiona manowari. Rejeta ya ndege yake ilipoharibika, ilibidi nyingine itafutwe Mombasa, nayo ikatolewa katika motokaa ya Ford. Kabla ya mwaka kwisha injini ilimwangusha mtoni, akatekwa.

Siku ya mwisho ya Königsberg ilikuwa tarehe 11 Julai 1915. Rubani Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya mto, Arnold akiwapasha wapiga mizinga wa Severn na Mersey kwa simu ya upepo ni wapi risasi zao zinaangukia. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Hata hivyo, walipokuwa wakishuka polepole, Arnold hakuacha kubonyeza simu yake, na mizinga ikaendelea kusahihishwa. Wakaanguka majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili.

Angalieni neno hili, wasikilizaji: injini ilikwisha kufa, lakini simu bado ilinena. Katika ndege ndogo za zamani zilizo nyingi, mambo huenda kinyume: simu hunyamaza, taa huzimika, na injini huendelea kunguruma kama kwamba hakuna lililotukia. Mwenye kuielewa sababu yake hatafadhaika angani.

Sababu ni magneto. Hicho ni chombo chenye sumaku na waya uliozongwa, kinachozungushwa na injini yenyewe, kikatoa cheche za kuwashia petroli bila msaada wa betri. Kabla ya mwaka 1914 Waingereza walitegemea sana magneto za Bosch wa Stuttgart. Vita ilipozuka mlango ule ukafungwa, ikawalazimu kujifunza upesi kuziunda wenyewe. Injini ya ndege huwa na magneto mbili, ili moja ikifa ya pili iishike kazi.

Moth nyingi za awali, kama zile za kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, hazikuhitaji umeme mwingine. Mtu alisimama mbele, akaizungusha rafadha kwa mkono, injini ikawaka. Baadaye watu wakataka taa za usiku, simu ya kusema na kiwanja, na mashine ya kuwashia injini. Ndipo betri na dinamo zikaingia, na katika miaka ya 1960 alteneta ikaanza kuchukua mahali pa dinamo. Basi ndege ikawa na nyumba mbili za umeme: ya magneto na ya betri.

Sasa fundi aanzie wapi? Asianze kwa kununua, aanze kwa kupima. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia huonyesha kama 12.6. Injini ikiwa na mwendo wa kutosha, kipimo kipande karibu na 14. Kisipopanda, betri hailishwi bali inaliwa. Kikipanda mno, kidhibiti cha volti kimeharibika, na betri itachemka.

Kisipopanda, aangalie kwanza yaliyo rahisi: fyuzi, swichi kuu, mkanda wa kuzungusha, vichwa vya betri, na waya wa arthi ulioshikamana na bodi. Hapa pwani hewa ya chumvi huila shaba, ikaota kutu ya kijani mahali jicho lisipofika. Waya huonekana mzima, na umeme haupiti. Baada ya hayo ndipo akague vipande vya kaboni visuguavyo ndani ya alteneta. Tena akumbuke tofauti hii: dinamo huwa na sumaku kidogo iliyosalia katika chuma chake, nayo huamka yenyewe, alteneta kwa kawaida hutaka umeme wa betri ili iamke. Kwa hiyo mwenye kuzungusha rafadha kwa mkono kwa kuwa betri imekufa kabisa, aweza kuruka na injini nzima, asiwe na taa wala simu.

Lipo jambo moja la kuogopwa kuliko yote. Taa ya nyumbani, ukikata waya wake, huzimika. Magneto ni kinyume: swichi huizima kwa kuiunganisha na arthi. Waya ule ukikatika, magneto hubaki hai ingawa swichi yasema imezimwa. Mtu akiigusa rafadha, injini yaweza kuruka ikamkata. Kwa hiyo kila rafadha na ihesabiwe kuwa ina uhai.

Tukirudi Msimbazi, twaona maduka ya vipuri vya magari, na mafundi wenye akili nyingi. Husemwa kwamba betri ni betri, na waya ni waya. Wako watakaoikumbuka rejeta ya Ford. Twajibu kwamba ile ilikuwa vita, na aliyeruka nayo alijua anacheza na roho yake. Abiria wa leo hajui. Kipuri cha ndege huja na hati yake, na kazi hutiwa sahihi na fundi mwenye leseni, ili kosa likitokea lipate kufuatwa hata chanzo chake. Tusione hati hiyo kuwa dharau kwa mafundi wetu. Akili wanayo, na wanaosoma hufika huko.

Na rubani ambaye taa zimeanza kufifia, azime kila asichokihitaji, aiweke akiba ya betri kwa simu ya kutua, atafute kiwanja kilicho karibu. Injini itamfikisha, maana magneto haimdai betri kitu. Haraka haraka haina baraka, na huko juu neno hilo ni kweli zaidi kuliko chini.