Mboga Iliyorukwa na Jembe

Ukitaka kujua zizi la zamani la ng'ombe lilikuwa wapi katika vilima vya Kisii, tafuta mahali saga inapoota bila kupandwa. Mboga hii hupenda udongo ulioshiba samadi. Zamani, mashamba yetu yalipokuwa bado mapana, zizi lilihamishwa kila baada ya muda, na mvua ya masika ilipoanguka pale lilipokuwa, baada ya wiki chache palijaa majani ya vidole vitano, yananata mkononi, na juu yake maua meupe yenye nyuzi ndefu kama sharubu za paka. Wanawake walibeba vikapu wakaenda kuchuma. Hiyo ndiyo bustani ya kwanza ya saga, na hakuna aliyeilima.

Kwetu Abagusii ni chinsaga. Wajaluo wana akeyo au dek, Pwani na Tanzania wanasema mgagani, na Nairobi sokoni ukitaja saga utaeleweka.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa msichana kabla kahawa haijafika kwetu. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini Kenya ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, miaka ya 1930. Pareto na chai zikaja pia, na Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali hiyo wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ulipoanza kutekelezwa, kila pembe ya shamba ilikuwa inahesabiwa kwa shilingi. Malisho yakapungua, ng'ombe wakabaki wachache, na zizi likakaa mahali pamoja. Saga ikakosa makao.

Ilihamia nyuma ya jiko. Hapo ndipo palipomwagwa majivu na takataka za kufagia, na udongo wake ulikuwa mweusi. Nyanya alipopalilia mahindi, jembe lake lilikata kila kitu isipokuwa vichipukizi vya saga. Aliviruka. Akiona vimesongamana, aling'oa vingine vya kupika jioni na kuacha vilivyobaki vipanuke. Mimea mirefu ya pembeni hakuigusa mtu: hiyo ilikuwa ya mbegu. Maganda yake membamba yalipoanza kugeuka manjano aliyakata, kwa sababu ukichelewa yanapasuka na mbegu zote zinamwagika chini. Alizianika juu ya ungo, akazichanganya na majivu, akazitia kibuyuni na kukitundika juu ya mafiga, kwenye moshi. Msimu huo hazikupandwa. Zilingoja ule mwingine.

Kungoja huko sikukuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mbegu mbichi ya saga imelala. Ukiipanda mara tu baada ya kuivuna, nyingi hazioti. Ikikaa miezi kadhaa mahali pakavu huamka yenyewe. Vitabu vya kilimo vinalieleza jambo hili vizuri, lakini kibuyu cha nyanya kilikuwa kimeshalijua.

Shuleni, miaka ya 1970, tulifundishwa vingine. Mboga zilikuwa kabichi, karoti na sukuma wiki, zilizopandwa kwa mistari iliyonyooka kwa kamba. Saga ilikuwa katika orodha ya magugu, na tuliing'oa kwa zamu. Mwalimu aliyetusimamia, mkewe alikuwa mteja wa mama yangu, akinunua saga hiyohiyo kila Ijumaa. Hakuna aliyeona ajabu. Na ukitaka kucheka zaidi: mmea wa ukoo uleule, uliotoka Amerika Kusini, hupandwa Ulaya mbele ya nyumba kwa ajili ya uzuri wa maua yake, wala hauliwi.

Mary Abukutsa-Onyango, aliyekulia magharibi mwa Kenya, amesimulia namna alivyokutana na dharau hiyohiyo alipokuwa akisomea kilimo. Tangu miaka ya 1990 amefanya utafiti wa mboga za kienyeji, kwanza katika Chuo Kikuu cha Maseno kisha cha Jomo Kenyatta, na saga ni mojawapo. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa yalitoa kitabu kikubwa cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya vyakula vya asili nchini, na mwaka 2021 UNESCO ikaziweka juhudi za Kenya za kulinda vyakula hivyo katika orodha yake ya mifano bora. Nawaheshimu sana wasomi hawa. Lakini siku hizi husemwa kwamba wao ndio "walioigundua" saga, na hapo nakataa. Kama wanawake wangetii masomo ya shuleni, watafiti wangefika vijijini na kukuta vibuyu vitupu.

Na si kwa ajili ya vitamini wanawake waliitunza saga, ingawa zimo, pamoja na chuma na kalisi. Waliitunza kwa sababu ni tamu kwa anayejua kuipika. Ni chungu, ndiyo. Huchemshwa sana, maji yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa au malai na kuachwa sufuriani ilale. Wengine huichanganya na managu, mboga nyingine ya kienyeji, kupunguza ukali. Ya siku ya pili huishinda ya siku ya kwanza, na ya siku ya tatu, pamoja na ugali wa wimbi, haina mpinzani. Mwanamke aliyejifungua hupewa hiyo kabla ya chochote kingine. Mtu anayeila mara tu inapotoka jikoni halafu akalalamika uchungu, hajaila.

Leo katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mafungu ya saga yamepangwa sawa na sukuma wiki, na bei yake si ya gugu.

Kwa mwenye kipande cha uwanja, hata gunia moja la udongo kwenye ploti Nairobi: tia samadi nyingi, changanya mbegu na mchanga mkavu kwa sababu ni ndogo mno, nyunyiza, funika kwa udongo kidogo tu. Usiuache udongo ukauke, maana saga ikipata kiu hukimbilia kutoa maua na majani yake hupungua. Kata vichwa mapema ili itoe matawi. Na miche miwili mitatu iliyo bora usiichume hata jani. Iache izae mbegu, kisha umgawie jirani.