Mtetemo wa Injini: Historia ya Pikipiki za Silinda Mbili

Ndugu wahitimu wenzangu, katika gazeti letu hili hukumbukwa zaidi walimu, mechi za mpira na chakula cha bweni. Mimi naomba nafasi kidogo nizungumzie somo la Fizikia, kwa kuwa hapa Iguguno lina maana kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Barabara ya Singida kwenda Nzega inapita hapa, na vijana wengi waliokalia madawati yale yale tuliyoyakalia sisi wanajipatia riziki juu ya pikipiki za silinda moja. Mimi nami, kama mtumishi wa Serikali, nimezipanda miaka mingi kwenda vijijini. Jioni huwasikia vijana wakisema vidole vimekufa ganzi, na kwamba ndivyo injini zilivyo. Historia ya pikipiki za silinda mbili inaonyesha kwamba sivyo.

Kila mtu anaijua mashine ya kusaga. Pistoni moja nzito hupanda na kushuka, na kila inapogeuka huisukuma mashine nzima. Ndiyo maana mashine hufungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Pikipiki haina saruji. Ina fremu tu, na mwisho wa fremu ni mikono ya dereva. Tena kasi ya mzunguko ikiongezwa mara mbili, nguvu ya kutikisa huwa mara nne.

Mtu angedhani pistoni ya pili inamaliza taabu hiyo. La hasha! Mwaka 1937 Edward Turner wa kampuni ya Triumph, Uingereza, alitoa Speed Twin ya cc 500, yenye silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Moto uliwaka kwa zamu, silinda hii kisha ile, na mapigo yakafuatana sawasawa kama ya wanawake wawili wanaopokezana kutwanga kinu kimoja. Lakini pistoni zenyewe zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Kwa mtetemo, hizo ni sawa na pistoni moja yenye uzito wa zote mbili. Uzito wa kusawazisha uliotiwa kwenye krenki ulipunguza mtikisiko wa juu na chini, lakini ukazaa wa mbele na nyuma.

Katika cc 500 watu walivumilia. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanunuzi, hasa wa Marekani, walitaka nguvu zaidi. Zikaja cc 650, kisha 750, za Triumph, BSA na Norton, kwa mpango ule ule wa pistoni. Nati zikalegea, balbu zikakatika, mikono ikafa ganzi.

Ndipo dawa zikatafutwa. Norton Commando ya 1967 iliiweka injini juu ya mipira. Mtetemo ulibaki, ila dereva aliusikia kidogo. Honda, katika CB72 ya cc 250, walipanga pistoni moja ipande nyingine ikishuka. Nguvu kubwa zikafutana, lakini kwa kuwa pistoni hazimo katika mstari mmoja, injini ikawa inayumba upande kwa upande. Miaka ya 1970 Yamaha na Kawasaki wakatia ndani ya injini vizito vinavyozunguka ili kuupinga mtikisiko.

Jibu safi zaidi lilikuwako zamani. Kampuni ya Douglas ya Bristol ilikwisha kulitumia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1923 Max Friz wa BMW akalitia katika R32: silinda moja kushoto, nyingine kulia, pistoni zikiachana na kukutana kwa wakati mmoja. Msukumo wa huku hufutwa na msukumo wa kule.

Afrika Mashariki imeziona aina zote mbili chini ya mtu mmoja. Mwandishi Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 kwa Triumph Tiger 100 ya cc 500, akapita Kenya na Tanzania mwaka 1974, na kuizunguka dunia hadi 1977. Alipoirudia safari hiyo mwaka 2001, akiwa na miaka 69, alipanda BMW R80 GS ya silinda za kulala. Sidai kwamba mtetemo ndio uliomfanya achague hivyo, ila kwa mikono ya mzee lilikuwa chaguo jema.

Ndugu zangu, ganzi si jambo la mzaha. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mtetemo unaoingia mikononi mwa mfanyakazi kwa siku ya kazi ya saa 8, kwa kuwa mtetemo wa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu katika vidole. Wako vijana wetu wanaoendesha tangu alfajiri hadi usiku. Basi tuwahimize wakaze bolti zinazoshika injini, wabadilishe mipira ya usukani iliyokwisha, na wakati wa kununua waulize kama injini ina kizito cha kusawazisha. Ajuaye kwa nini injini inatetemeka hatakubali kuambiwa kwamba ganzi ni sehemu ya kazi.